Kabla ya Serengeti, Ngurdoto

Tunaishi Kisongo, hatua chache tu kutoka barabara kuu ya kwenda Makuyuni. Kila asubuhi, kuanzia saa mbili hivi, Land Cruiser za watalii hupita mbele ya geti letu zikifuatana kama siafu, mizigo imefungwa juu, wageni ndani wamevaa kofia za jua. Mtoto wangu mdogo, wakati huo ana miaka minne na nusu, alikuwa na mchezo wa kuzihesabu. Akifika kumi na tano anachanganya, anaanza upya. Siku moja akaacha kuhesabu.

"Mama, wale wanaenda wapi?"

"Kuona wanyama."

"Wanyama wa nani?"

Nikamwambia ni wetu, wa Tanzania. Akakaa kimya kidogo. "Sasa sisi tunaenda lini?"

Sikuwa na jibu. Dada yake alikuwa darasa la tatu na alishachora twiga mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na wote walikuwa na madoa ya mviringo kama vifungo vya shati, kwa sababu hakuwahi kumwona twiga hata mmoja. Mtoto wa Arusha! Mji unaolishwa na twiga, mji ambao nusu ya vibao vyake vya maduka vina picha ya twiga.

Nadhani tatizo letu wenyeji ni kwamba tukisema "kwenda mbugani" tunamaanisha Serengeti au Ngorongoro: gari la kukodi, kulala hotelini, hesabu inayomaliza ada ya muhula. Hiyo ikishindikana, na kwa wengi wetu inashindikana, tunaruka moja kwa moja hadi kwenye bustani za mjini, watoto wakadunde kwenye mapulizo na kula chipsi kuku. Sina ugomvi na chipsi kuku. Ila katikati ya hivyo viwili kuna sehemu kubwa sana ambayo hatuigusi, na yote iko ndani ya safari ya asubuhi kwenda na jioni kurudi.

Tulianza vibaya. Jumamosi ya kwanza nilipanga makumbusho mjini asubuhi, Ziwa Duluti mchana, na wakati wa kurudi tupitie Meserani kuona nyoka. Kufika Duluti mdogo alikuwa analia kwa joto na njaa. Kufika Meserani alikuwa amelala fofofo, na dada yake amenuna kwa sababu kule ziwani alipata dakika ishirini tu kabla sijawaambia waingie garini. Nilikuwa nimewazungusha kama vifurushi. Usiku baba yao akasema jambo moja ambalo tumelifuata hadi leo: siku moja, mahali pamoja, na tuondoke wakiwa bado wanapataka. Ndivyo tulivyofanya, mara moja kila mwezi, kwa muda wa mwaka na zaidi sasa.

Ningeshauri kila mzazi wa Arusha aanze na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na nitakaa hapa kwa muda kwa sababu ndipo tulipobadilika.

Kutoka kwetu tulishika baipasi kukwepa foleni ya mjini, tukatokea Tengeru, tukapita Usa River na kukata kushoto kuelekea mlimani. Tulikuwa na Noah yetu ya siku zote. Kiangazi inapita vizuri tu ukienda polepole. Masika usijaribu bila gari la kupanda milima. Getini hawachukui noti mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi, kwa hiyo hakikisha salio lipo kabla hujatoka nyumbani. Beba kitambulisho cha NIDA, maana raia tunalipa kiwango chetu kwa shilingi, tofauti kabisa na cha wageni. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi, na kuanzia 5 hadi 15 wanalipa pungufu. Baba yao alipoona jumla aliniangalia, kisha akaitazama tena simu. Tulikuwa tumeogopa geti lile miaka yote kwa bei ambayo hatukuwahi hata kuiuliza.

Ukiingia tu geti la Ngurdoto kuna uwanda mdogo wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo. Hapo hapo, kabla hatujafunga vizuri kifuko cha maandazi, kulikuwa na pundamilia, nyati wamelala upande wa mbali, na ngiri watatu wanakula majani wakiwa wamepiga magoti ya mbele. Ngiri hula hivyo, shingo yake ni fupi. Mdogo akawaangalia kwa heshima na kunong'ona, "Wanasali."

Kisha twiga. Baba yao alizima injini na tukashusha vioo. Sikuwa nimefikiria kwamba kitu cha kwanza kingekuwa sauti. Alikuwa karibu na barabara, kwenye mgunga, na tulisikia ulimi ukichuma majani katikati ya miiba: krrp, krrp, kama mtu anayepukuchua mahindi. Ulimi wenyewe ni mweusi wenye rangi kama ya zambarau, na unaweza kufika sentimita 45. Binti yangu hakusema neno. Alitoa daftari lake, akachora doa moja tu, kubwa, lenye kingo zilizochongoka kama jani lililochanwachanwa. Ndivyo madoa ya twiga wa kwetu yalivyo. Akaandika pembeni: "sio duara."

Nyuma ya yule mkubwa alikuwapo mtoto, bado na nywele zimesimama kwenye vipembe. Nilikuwa nimesoma usiku uliotangulia kwamba twiga anazaliwa akiwa na urefu wa karibu mita 1.8, nikawaambia. Mdogo akamgeukia baba yake. "Amekuzidi?"

"Amenizidi," baba akasema. Yeye ana mita 1.72. "Siku aliyozaliwa tu, alikuwa ameshanizidi."

Sijawahi kuona mtoto akimtazama baba yake na mnyama kwa zamu namna ile, akipima.

Hifadhi hii haina simba. Najua wapo wanaoona basi haina maana, ila kwa mzazi mwenye watoto wadogo naona ni afadhali, kwa sababu siku nzima haigeuki kuwa msako wa simba. Kwenye mbuga zenye simba mtu anapita mbele ya wanyama mia bila kuwaona, anauliza kwa redio dereva mwingine simba yuko wapi. Hapa mliyemwona ndiye mliyemfuata.

Ukipanda kuelekea kreta unaingia msituni, na baridi inakushika ghafla. Sweta ni lazima hata kama Kisongo mmeacha jua kali. Kwenye miti ile mirefu wako mbega, weusi wenye joho jeupe mgongoni na mkia kama ufagio. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe mwili mzima. Na mbega hana kidole gumba cha maana, kimebaki kinundu tu, ndiyo maana anashika matawi kwa vidole vinne kama ndoano. Hilo liliwaingia watoto kuliko yote. Walikunja vidole gumba vyao na kujaribu kumenya machungwa ndani ya gari. Machungwa mawili yaliishia chini ya viti.

Kreta ya Ngurdoto yenyewe ina upana wa kilomita 3 hivi. Hushuki ndani. Unasimama ukingoni, kwenye vituo kama Mikindu na Leitong, unaangalia chini kwenye bonde la majani na kinamasi ambako nyati wanaonekana kama mbegu za papai. Nilidhani watoto watalalamika kwamba hawaruhusiwi kushuka. Binti yangu akapenda hilo hasa. Alisema ni vizuri wanyama wawe na mahali pa peke yao ambapo hakuna mtu anayewapiga picha. Mwaka 1960, hifadhi hii ilipoanzishwa, iliitwa kwa jina la kreta hii. Eneo la Mlima Meru liliongezwa baadaye. Mkibahatika mawingu yakafunguka, Meru iko pale pale juu yenu, mita 4,566, upande wake wa mashariki umebomoka kama chungu kilichovunjika mdomo.

Kubomoka huko ndiko kulikonifanya niongee na watoto jambo ambalo nilikuwa nimeliahirisha. Mimi nimekulia upande wa Maji ya Chai. Meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia, kama ya watu wengi tuliokulia pale, na watoto wamewahi kuniuliza, hasa baada ya mtoto mmoja shuleni kumwambia binti yangu kwamba mama yake hapigi mswaki. Siku ile tulisimama kwenye Maziwa ya Momella. Yako saba, na kila moja lina rangi yake: moja kijani, jingine kama bati, kutegemea mwani uliomo. Heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, walikuwa wamejipanga mbali kama utepe wa waridi. Mdogo akataka kunawa mikono ziwani. Nikamzuia, nikawaeleza.

Mlima huu ni wa volkano. Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, ubavu wake uliporomoka, tope likashuka hadi huku, na kwenye mashimo ya lile tope ndipo maji ya chemchemi yalipojikusanya yakawa maziwa haya. Miamba ya volkano ina madini ya floraidi. Maji yanapopita ndani yake yanayabeba. Kidogo ni kizuri kwa meno. Kikizidi, na mtoto akayanywa wakati meno yake bado yanajengeka, meno yanatoka na madoa, na mswaki hauwezi kuyaondoa. Maji ya maziwa haya yamejaa chumvi na floraidi, ndiyo maana tembo na twiga hawaji kukata kiu hapa. Na mito na visima vingi vya upande wetu, ingawa si kama hapa, navyo vimezidiwa.

"Kwa hiyo ni mlima," binti yangu akasema.

"Ni mlima."

Akaniangalia mdomoni, kisha akauangalia Meru. Jumatatu, bila mimi kumwambia, alimweleza yule mwenzake habari yote, pamoja na tope. Kwa mzazi anayekwenda: beba maji ya kunywa ya kutosha kutoka nyumbani, msitegemee bomba lolote mtakalolikuta njiani.

Yapo pia matembezi ya miguu na askari mwenye bunduki, na mitumbwi kwenye Momella Ndogo. Kwa umri wa mdogo wetu sikuona haja. Ulizeni getini kuhusu umri unaoruhusiwa kabla hamjawaahidi watoto.

Duluti tuliirudia, safari hii peke yake, Jumapili baada ya ibada. Ni ziwa dogo la kreta pale Tengeru, limezungukwa na msitu, na njia ya kulizunguka inafaa miguu midogo mkiwa hamna haraka. Sisi hatukuwa na haraka. Tulichukua zaidi ya saa mbili kwa njia ambayo mtu mzima angeimaliza mapema mno, kwa sababu kulikuwa na kenge amelala kwenye gogo na ilibidi asubiriwe aamke. Hakuamka. Mwishowe aliteleza tu majini bila sauti, na mdogo akapiga kelele ya furaha ambayo nadhani ilisikika sokoni.

Kuhusu mitumbwi niseme wazi. Mahali pamoja tulipokwenda, na sitapataja, walitaka kumvisha mtoto wangu jaketi la kuokolea la mtu mzima, wakalifunga kwa kamba kiunoni. Nilimwinua kwa mabega ya lile jaketi: mwili ukabaki chini, jaketi likapanda hadi masikioni. Majini angetoka ndani yake kama ndizi kwenye ganda. Tuliomba la mtoto, hawakuwa nalo, tukashukuru na kuondoka. Alilia. Tulimnunulia karanga, akaendelea kulia. Fanyeni jaribio hilo la mabega kila mahali, na mkiona aibu kukataa mbele ya watu, kataeni tu.

Karibu na Duluti, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ambayo wakazi wengi wa Arusha hawajawahi kuyaona. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, Tengeru ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, karibu watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wametolewa kwao kwa nguvu na kupelekwa Siberia, wakatoka huko kupitia Uajemi hadi Afrika Mashariki. Waliishi kwenye vibanda vya mviringo, wakalima, wakasomesha watoto. Makaburi karibu 150 yamebaki. Mzee mlinzi alitufungulia, watoto wakamwamkia, akawaitikia marahaba na kuwapa daftari la wageni wasaini majina yao.

Nilisita kuwapeleka watoto makaburini. Sijuti. Binti yangu alitembea akipiga hesabu: mwaka wa kufa toa mwaka wa kuzaliwa. Alipokuta mwenye umri wa chini ya wake alisimama. Akauliza kama mama zao walirudi kwao na kuwaacha hapa. Nikamwambia wengi waliondoka vita vilipokwisha, wakaenda nchi mbalimbali. Akakusanya maua ya njano yaliyoota yenyewe kwenye ukuta na kuyaweka pale. Mdogo alikuwa anafukuza panzi, na mzee alisema mwache, watoto wa hapa nao walikuwa watoto.

Jumamosi soko la Tengeru limejaa. Msipite bila parachichi.

Siku za mvua, na Arusha Aprili mvua haina mzaha, tunakwenda Boma. Ni ngome ya Wajerumani ya mwaka 1900, sasa ni makumbusho ya historia ya asili, katikati ya mji. Vyumba ni vya kimya na vya zamani. Tulichopata pale ni habari ya chimbuko la binadamu, nikawasimulia kuhusu nyayo za Laetoli: miaka milioni 3.6 iliyopita viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili walipita juu ya jivu la volkano lililolowa mvua, jivu likakauka, nyayo zikabaki. Nyayo ndogo zinakwenda sambamba na nyayo kubwa. Kurudi nyumbani, barabara yetu ikiwa tope tupu, watoto walishuka getini, wakavua viatu na kutembea ubavuni mwangu kwa makusudi, wakigeuka kuangalia nyuma kila hatua tatu. Viatu vyangu havikupona. Makumbusho ya Azimio la Arusha nayo hayako mbali, pale karibu na mnara wa Mwenge. Kwa mtoto wa darasa la tano kwenda juu, anayeanza kukutana na tarehe 5 Februari 1967 kwenye vitabu, yanafaa. Kwa wadogo ni mapema.

Meserani kwa wenye mapenzi ya nyoka: koboko, swila, chatu, wote nyuma ya kioo, na mamba kwenye madimbwi. Iko kama kilomita 25 kutoka mjini, barabara ya Dodoma, na kwetu ni jirani. Binti yangu angeweza kuhamia. Mimi husubiri upande wa ngamia.

Chemka, chemchemi ya kuogelea, ni mahali pazuri kuliko pote na panaponitia wasiwasi kuliko pote. Unafika Boma Ng'ombe, unaacha lami, unakula vumbi kwenye nchi kavu ya miiba hadi unaanza kujilaumu, kisha ghafla miti ya kijani na chini yake maji ya buluu ambayo hutaamini hakuna mtu aliyeyatia rangi. Mizizi ya mikuyu imeshuka hadi majini. Maji yanachipuka kutoka chini, ni vuguvugu tu. Mdogo wangu alikuwa amejiandaa vingine. Kwa kuwa pameitwa Chemka, alificha yai bichi kwenye mfuko wa sweta, alilochukua jikoni alfajiri, akitaka kulichemsha. Alipotia mkono majini uso ulimwanguka. "Hayachemki." Ikabidi tumpelekee yai lake mama mmoja aliyekuwa anakaanga chipsi, akalichemsha kwenye sufuria ya chai bila kutudai chochote, na akala akiwa amekaa kwenye mzizi, miguu majini, visamaki vinamdona vidole.

Wasiwasi wangu ni huu: maji ni safi sana hivi kwamba kina hakionekani. Unadhani ni kiunoni, kumbe ni zaidi ya mtu mzima. Tyubu za matairi zinakodishwa, lakini tyubu si mwangalizi. Sisi tulikubaliana mmoja yuko majini na watoto, mwingine yuko ukingoni bila simu. Nendeni siku ya kazi au asubuhi mapema. Jumapili mchana muziki na watu vinajaa, na mtoto anapotea machoni kwa sekunde moja.

Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni mbali na Kisongo, kwa hiyo tunalala kwa mama mkwe wangu. Wanaoishi Moshi wanakwenda na kurudi bila shida. Zipo sehemu nyingi za kutembea: maporomoko ya Kinukamori, yenye sanamu ya binti na chui na hadithi ambayo bibi yao aliikatisha katikati kwa ajili ya mdogo, mahandaki ambamo Wachagga walijificha na mifugo wakati wa vita, ambako dari ni ya chini na kwa mara moja watoto ndio wanaopita kwa raha kuliko sisi, na geti la mlima, ambako binti yangu alisoma habari za Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889, na kuuliza, "Nani alimwonesha njia?" Nikamtajia Yohani Lauwo, wa hapo hapo Marangu. Akataka kujua kwa nini kitabu chake hakikumtaja. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Lakini walichokipenda ni mfongo. Ndio mfereji wa asili unaoleta maji kutoka juu hadi vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, kazi ya mababu, na kwa bibi unapita katikati ya migomba na kahawa. Zamu ya maji ya bibi ni alasiri. Watoto walitengeneza vimashua vya maganda ya mgomba, wakaweka jiwe moja ndani kama abiria, wakavizindua juu na kukimbia navyo hadi vinapokwama kwenye daraja la mbao. Saa tatu nzima. Hakuna aliyeuliza kuhusu televisheni.

Siku ya pili waligombana. Binti yangu, kwa hasira ya kiti cha dirishani, alichana mchoro wa twiga wa mdogo wake. Nilikuwa nimeanza kufoka wakati bibi aliponiwekea mkono begani. Akaenda kwenye ua, akachuma jani la isale, akalifunga fundo, akampa binti yangu.

"Mpelekee mdogo wako. Huku kwetu ukiletewa isale, hukatai kusamehe. Hata kama mtu amekuulia ng'ombe."

Akaenda, jani limeshikwa kwa mikono miwili. Mdogo aliliangalia muda mrefu. Kisha akauliza, "Na wewe ukikosewa na mimi, nachuma mwenyewe?"

"Unachuma mwenyewe."

Akalichukua. Tulirudi na miche miwili ya masale ndani ya kopo la maziwa, tukaipanda Kisongo, na licha ya udongo wetu mkavu mmoja umeshika. Unapungukiwa majani kila wiki.

Mwaka umepita tangu ile siku ya kwanza Ngurdoto. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kuna alama tatu za penseli tulizoweka jioni ile: mdogo sentimita 104, baba 172, na juu ya baba, 180, ameandika "mtoto wa twiga" kwa herufi zilizopinda, akiwa amebebwa mabegani. Wiki iliyopita alipima tena, yuko 111. Jumamosi ijayo tunarudi kule. Ameshaweka penseli kwenye begi.